Mashine Tano za Soitsambu

Taarifa ya kifo cha Mwalimu Sulle ilinikuta dukani, saa nne asubuhi, nikiwa na laptopu ya dereva mmoja wa watalii aliyetaka nimpigie windo mpya, yaani nimwekee mfumo mpya wa kompyuta. Nilikuwa nimeshamwambia kwamba haitawezekana. Laptopu yenyewe ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo, ila prosesa yake, ile chipu inayoiendesha, ni ya zamani kuliko zile zinazokubaliwa na mfumo mpya. "Dada, mbona inawaka vizuri tu?" aliniuliza, kama wanavyouliza wengi siku hizi. Nilikuwa natafuta namna ya kumweleza kwamba kuwaka ni jambo moja na kukubaliwa ni jambo jingine, ndipo simu ikaita. Alikuwa Baha, binti mkubwa wa Mwalimu. "Dada Paska, Baba ametuacha." Nikakaa kwenye stuli. Yule dereva akaifunga laptopu yake mwenyewe, polepole, akanipa pole, akatoka bila kuuliza tena.

Kazi hii ninayoifanya hapa Karatu nilifundishwa na Mwalimu Sulle. Nilifunga duka nikaenda msibani, nikavaa kitenge, nikajiunga na akina mama waliokuwa wakimenya viazi nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimemenya nusu beseni niliposikia mmoja wao akimwambia mwenzake, "Na yule Naserian naye amepatikana, amepigiwa. Anatoka Wasso keshokutwa." Kisu kikasimama mkononi. Nitasema kweli, maana sioni faida ya kuandika haya nikijipamba: kitu cha kwanza nilichokihisi ni wivu. Nani kampigia? Kwa nini yeye? Mwili wa Mwalimu ulikuwa bado mochwari, na mimi, mwanamke mzima mwenye duka na watoto wawili, nilikuwa nahesabu nani alipendwa zaidi. Nikajua basi kwamba ule mwaka nilioishi na Naserian haujaisha, ingawa nilikuwa nimejidanganya kwamba niliuacha nyuma nilipotimiza miaka ishirini na mitano.

Wakati ule duka la Mwalimu lilikuwa na vyumba viwili, kwenye mtaa unaoshuka kutoka barabara kuu ya lami. Chumba cha mbele kilikuwa na kaunta, mashine ya fotokopi, na kompyuta tano za wanafunzi. Cha nyuma kilikuwa stoo, kimejaa nyaya, vibodi visivyo na herufi, na vioo vizito vya kompyuta za zamani vilivyopangwa ukutani kama matofali. Kila jioni tulizifunika mashine kwa vipande vya khanga kwa sababu ya vumbi jekundu la Karatu, ambalo hupenya hata kwenye kabati lililofungwa. Nyuma ya duka kulikuwa na uwanja mdogo, halafu nyumba ya Mwalimu, na ubavuni mwa jiko chumba chetu sisi wafanyakazi, chenye vitanda viwili na dirisha linalotazama banda la kuku. Mwalimu alikuwa amefundisha hesabu miaka mingi kabla ya kuacha chaki. Kabla ya kugusa mashine yoyote alijifuta mikono kwa leso, kidole kimoja kimoja, na sisi tukamcheka kwa siri, kisha tukaanza kufanya vilevile.

Nilikaa kwenye kile chumba miaka miwili peke yangu. Nilijua kupiga chapa, kutengeneza vyeti, kusafisha virusi, kupiga windo, na kuzungumza na wateja wakorofi. Mwalimu akisafiri, funguo zilikuwa kiunoni mwangu. Kisha mwezi wa kwanza wa mwaka ninaousimulia, akaja msichana kutoka Oloipiri, huko Loliondo, mrefu, amevaa sweta la shule na shuka la bluu begani, ana mfuko mmoja tu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na alama zake za hesabu zilimfanya Mwalimu azisome mara mbili. "Huyu ni Naserian," Mwalimu aliniambia. "Mwonyeshe kazi." Naye akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Shikamoo, dada." Nilimzidi miaka minne tu. Niliitikia marahaba, na kwa siku kama kumi nilimpenda sana.

Nilimfundisha kuandika bila kutazama kibodi, jambo lililonichukua mimi miezi mitano. Yeye lilimchukua wiki tatu. Nilimwonyesha jinsi ya kufungua kasha la kompyuta na kupuliza vumbi, na kesho yake nikamkuta ameifungua moja iliyokufa, ametandaza vipande vyake juu ya gazeti kwa mpangilio, anazisoma namba zake kwa midomo. Waongoza watalii waliokuja kuchapisha ratiba za wageni wakaanza kuniuliza, "Yule binti Mmasai yupo?" Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya nyumbani kwao, alisema "kompiuta" kwa namna yake, na watu walifurahi kumsikiliza. Mimi niliyekulia kijijini Daa, kwa Wairakwi, nikaambiwa tangu shule ya msingi kwamba Kiirakwi kinanitoka puani nikizungumza, sikuwahi kuona mtu akifurahia lafudhi yangu.

Wivu wangu ulianzia kwenye kikombe. Mama Baha, mke wa Mwalimu, alikuwa na vikombe vya bati vya ukubwa tofauti, na kile kikubwa cha kijani kilikuwa changu tangu nilipofika. Asubuhi moja nikaingia jikoni nikamkuta Naserian ameshapewa kikombe hicho, kimejaa chai ya maziwa, na juu yake ule utandu mzito ambao Mama alijua naupenda. "Mwenzako amezoea maziwa kwao," Mama akasema, "huku anakonda." Nikanywa kwenye kikombe kingine na nikasema chai ni tamu. Leo nina makabati ya vikombe nyumbani kwangu na bado nakikumbuka kile. Nilianza kuangalia vitu vidogo: nani ameitwa kwanza, nani ameongezewa makande, nani Mwalimu amemtazama alipokuwa anaeleza jambo gumu. Usiku haukunisumbua, nililala. Mchana ndio ulionitesa, maana mchana kutwa tulikuwa bega kwa bega nyuma ya kaunta moja, na alikuwa mpole, na kila alipotaka kutoka hata kwenda chooni aliniambia, "Dada, naomba."

Mwezi wa pili Mwalimu alitangaza kwamba katikati ya mwaka atampeleka mmoja wetu Arusha, miezi sita, kusomea ufundi wa kompyuta kwenye chuo cha rafiki yake. Sikuwa na shaka ni nani. Kisha jioni moja nilikuwa jikoni nachambua maharage, ukuta wa jiko ulikuwa wa mbao, na sebuleni Mwalimu na mkewe walikuwa wanazungumza kama watu wanaodhani wako peke yao.

"Na Arusha utampeleka nani?" Mama aliuliza.

"Paskalina ni mwaminifu," Mwalimu akasema. "Naweza kumwachia duka mwezi mzima nikarudi nikalikuta vilevile. Lakini yule mwingine, Mama Baha, yule anaona vitu. Paska namfundisha. Yule ananiuliza swali mpaka nalazimika kwenda kusoma."

"Paska atalia."

"Atalia, kisha atazoea."

Niliendelea kuchambua maharage. Nilitoa vijiwe, nikatoa na maharage mazima pia, nikayatupa yote pamoja kwenye majivu.

Karibu na Pasaka Mwalimu alipata kazi kubwa. Loji moja ya watalii kule juu mlimani ilikuwa inabadilisha vifaa vya ofisi, ikampa kompyuta kumi na mbili za mezani zilizotumika, naye akakubaliana na mkuu wa shule moja ya sekondari ya wasichana huko Soitsambu, upande wa Loliondo, kwamba atazitengeneza na kuzifunga shuleni kwao. Shule ilikuwa haijawahi kuwa na kompyuta hata moja. Mfumo wa zamani uliokuwa ndani ya mashine zile ulikuwa unaelekea kuachwa na waliouunda, kwa hiyo Mwalimu akaahidi kwamba watawekewa ule mpya kabisa. Ilikuwa lazima kwanza kuhakikisha prosesa zinaukubali. Mfumo ule mpya ulidai prosesa iwe na kinga fulani ndani yake, kitu cha kuzuia virusi visijipenyeze mahali pasipo pao, na bila kinga hiyo haukubali hata kuanza. Nilisubiri Mwalimu aniite. Akasema, "Naserian, hiyo kazi ya kukagua ni yako. Paska atafuta diski." Wenye loji walitaka majina ya wageni wao yote yafutwe, hivyo kazi yangu ilikuwa kuzifanya zile mashine ziwe tupu. Mwenye kujua na mwenye kufagia, ndivyo nilivyoielewa.

Makasha yote kumi na mawili yalikuwa sawa, meusi, na kila moja lilikuwa na stika ileile ya prosesa kwa mbele. Naserian alizibandikia namba kwa plasta, akawasha tatu zilizokuwa karibu na soketi, akachomeka flashi yenye programu ndogo ya kusoma prosesa, akamwambia Mwalimu zote tatu ziko sawa. Mwalimu akaridhika, akapanda basi kwenda Arusha kuchukua diski ya mfumo mpya. Kama ningekuwa mimi ningeishia hapo. Stika ni moja, kasha ni moja, kwa nini ujisumbue? Yeye aliendelea, moja baada ya nyingine, kabla sijazifuta. Kesho yake mchana akanifuata kwenye kaunta ana karatasi ya daftari mkononi.

"Dada, kuna tano hazifai. Stika ni ileile, lakini ukisoma namba ya prosesa yenyewe, nyingine zina herufi moja mwishoni na nyingine hazina. Zisizo na herufi hazina ile kinga. Zitakataa."

"Umemwambia Mwalimu?"

"Nimempigia, hapatikani. Na gari la kwenda kwetu linaondoka sasa hivi, dada yangu amejifungua, Mwalimu aliniruhusu nitangulie. Nitawakuta shuleni siku ya Alhamisi. Kule kwetu simu haishiki." Akaniwekea karatasi mkononi. "Nimeandika namba zake. Mbili, tano, sita, tisa, kumi na moja. Mwambie Mwalimu aziache, achukue zile tano za darasani hapa, hizo nimezikagua, zina herufi. Usisahau, dada."

"Nenda salama," nikasema. "Msalimie mama."

Nimejiuliza mara nyingi ni saa ngapi niliamua. Ningependa kuweza kuonyesha hiyo saa kwa kidole. Mwalimu alirudi jioni amechoka, nikajiambia nitampa karatasi akishakula. Alipomaliza kula akaanza kusikiliza taarifa ya habari, nikajiambia asubuhi. Asubuhi alikuwa na wateja. Karatasi ilikuwa ndani ya kitabu changu cha nyimbo za kanisani, nami nilipita pale kitandani mara nyingi kuliko kawaida, nikahakikisha ipo. Jumatano alasiri tulipakia kompyuta kwenye Landkruza ya kukodi, tukizifunga kwa magodoro, na ni mimi niliyezibeba. Namba mbili. Namba tano. Nilizisoma plasta zake nikiwa nimezikumbatia kifuani.

"Zote ziko sawa, eh?" Mwalimu akauliza akikaza kamba.

"Naserian ndiye aliyekagua," nikajibu. Hilo halikuwa uongo, na ndiyo maana nililichagua.

Tuliondoka Alhamisi alfajiri. Pale juu kwenye ukingo wa kreta, lile bonde kubwa la volkano, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba dereva alitoa kichwa dirishani ili aone barabara. Nilikuwa natetemeka kwa baridi. Mwalimu akavua koti lake akanipa, akamenya yai la kuchemsha, akanigawia nusu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nakumbuka ladha ya yai na nakumbuka maneno yalikuwa tayari: Mwalimu, kuna karatasi nilisahau kukupa. Tungegeuza gari, tungechelewa siku moja, angenifokea kidogo. Hapo ndipo aliposema, kwa furaha ya mtu mzima anayemwazia mtoto wake, "Leo Naserian ataonekana na watu wa kwao." Nikafunga mdomo. Tukashuka upande wa pili, jua likatoka, tukala vumbi la tambarare mpaka mchana ukapinduka, tukipita mifugo na boma baada ya boma.

Shuleni walikuwa wamepaka chumba rangi mpya, harufu bado inachoma pua. Meza kumi na mbili zilikuwa zimepangwa, kila moja na kitambaa kilichofumwa na wanafunzi. Wasichana walisimama ukutani wamevaa masweta ya kijani yaliyofuliwa, na kwenye benchi la mbele walikaa wazazi, miongoni mwao mama yake Naserian, mwembamba, amevaa shanga zake zote shingoni. Naserian akatupokea akicheka. Jenereta likawashwa. Mwalimu akajifuta mikono, akaweka diski kwenye mashine namba moja, mfumo ukaanza kujipakia, na wale wasichana wakapiga makofi. Akahamia namba mbili. Kioo kikawa cheusi, kikatoa mistari michache ya maandishi meupe ikitutaka tubonyeze kitufe tuizime. Akajaribu tena. Vilevile. Naserian akainama akatazama plasta, na uso wake ukabadilika.

"Mwalimu, hii si ni namba mbili? Nilisema hizi zibaki."

"Ulimwambia nani?"

"Dada Paska. Nilimpa karatasi."

Watu wote wakanigeukia, hata wazazi ambao hawakuwa wanafuatilia Kiswahili chetu cha haraka. Mpaka dakika ile nilikuwa nimenyamaza tu, na kunyamaza bado kunaweza kusamehewa. Mwalimu aliniuliza, "Paskalina?" Nikasema, "Karatasi gani?"

Naserian hakupiga kelele. Alinitazama akingoja nikumbuke, kama mtu anayemsaidia mwenzake. "Ya daftari, dada. Pale kaunta, siku ile ninaondoka."

"Uliniaga tu, ukasema dada yako amejifungua. Labda ulitaka kunipa, ukasahau. Ulikuwa na haraka."

Nikaona neno lile linavyomwingia. Akakunja uso, akatazama sakafu, akawa anajitafuta kichwani. "Labda..." akasema taratibu. "Labda niliiacha juu ya meza."

Tano, sita, tisa na kumi na moja zilikataa moja baada ya nyingine, mbele ya watu, na hatukuwa na mfumo wa zamani wa kuzirudishia, maana diski zake nilizifuta mwenyewe. Meza tano zilibaki na vitambaa vyake vilivyofumwa na makasha yasiyo na kazi. Walikuwa wametuchinjia mbuzi, wametupikia chai. Mkuu wa shule akazungumza kwa heshima, akasema saba ni neema. Mwalimu hakugusa nyama. Mama yake Naserian alimwuliza bintiye kitu kwa Kimasai, akamjibu kwa neno moja fupi, na yule mama akashika shanga zake kwa mkono kama anazizuia zisilie.

Tulirudi Karatu kesho yake, watu wanne ndani ya gari. Wenzangu walipokuwa wanashusha mizigo nilikwenda chumbani, nikaitoa ile karatasi kwenye kitabu cha nyimbo, nikapita nayo jikoni kana kwamba nafuata maji, nikaisukuma chini ya chungu. Ilishika moto upesi. Nilipotoka nikamkuta Naserian anaitafuta. Aliitafuta juu ya kaunta, chini ya fotokopi, kwenye pipa la takataka, na mwishowe chumbani kwetu, ambako alinyanyua godoro lake, kisha akaniomba ruhusa anyanyue na langu. "Dada, naomba." Nikasimama mlangoni nikamtazama akipekua. Nilimsaidia hata kuinua kitanda.

Mwalimu alikuwa mtu wa kusamehe makosa. Angemsamehe kwa kutokagua, kama tatizo lingekuwa hilo. Kilichomkasirisha ni kwamba, kwa alivyoamini yeye, msichana alikwepa lawama kwa kunisingizia mimi, mtu mwaminifu wa nyumba yake. Nilimsikia akimwambia Naserian kule stoo, mlango ukiwa wazi: "Kompyuta ikikataa, mtu anatafuta nyingine. Lakini ukisema ulituma ujumbe ambao hukutuma, hilo nitalifanyia nini?" Naye akajibu, "Nimekosa, Mwalimu. Nisamehe." Aliomba msamaha kwa jambo alilolifanya sawasawa. Akawekwa kwenye fotokopi. Hakuuliza tena maswali. Mvua zilipozidi na barabara ya Loliondo ikafungika, zile kompyuta tano za kubadilishia zikakaa stoo miezi mitatu, na wasichana wa Soitsambu wakazungukia saba. Siku moja Naserian alikunja shuka lake, akaniaga kwa mikono miwili kama alivyonisalimu siku ya kwanza, akaenda kwao. Mwezi wa saba mimi nikaenda Arusha.

Nilisoma kule kama mtu anayekimbizwa. Niliporudi nilikuwa fundi kweli, na leo mtu akiniletea kompyuta nasoma namba ya prosesa mpaka herufi ya mwisho, siamini stika ya mtu. Wateja wanasema Paska hadanganyi. Nimejenga nyumba kwa sifa hiyo. Mwalimu alipougua, alilala kitandani miezi minne, na kila Jumapili baada ya misa nilikwenda kumpelekea uji. Jumapili moja aliniuliza, sauti yake imekwisha, "Yule msichana wa Oloipiri yuko wapi siku hizi?" Nilijua yuko wapi. Nilikuwa nimesikia zamani kwamba anafanya kazi kwenye stoo ya dawa huko Wasso. Kijiko cha uji kilikuwa mkononi mwangu, ni mimi niliyekuwa namlisha, na bado alimwuliza yeye. Nikasema, "Sijui, Mwalimu." Nikampa kijiko kingine.

Siku ya mazishi alifika na gari la mchana, amevaa gauni jeusi, mnene kidogo kuliko nilivyomkumbuka. Baada ya kaburi kufunikwa na watu kuanza kutawanyika alinijia mwenyewe nilipokuwa nasuuza masufuria. "Dada Paska," akasema, akanishika kwa mikono miwili. Alitaka tu kuzungumza. Aliniuliza watoto, duka, afya. Nikamwuliza kazi. Akacheka kidogo akasema wenzake kazini humwita jina la utani, kwa sababu kila kitu anachokikabidhi anakiandika mara mbili na kumtaka mtu atie sahihi, hata akimwazima kalamu. "Tangu ile siku ya Soitsambu," akasema. "Unajua, dada, mpaka leo naiona ile karatasi ikitoka mkononi mwangu. Naona kabisa. Halafu najiambia, hapana, hukumpa. Basi kitu nikikikumbuka vizuri ndio nakiogopa zaidi."

Ningeweza kuendelea kusuuza. Nikasema, "Ulinipa."

Hakuelewa mara moja. Nikamwambia yote, nimeinamia beseni: kitabu cha nyimbo, yai, jiko, godoro. Nilisema nilikuwa namwonea wivu, na neno lenyewe likasikika dogo mno, la kitoto. Alikaa juu ya debe lililokuwa pale. Hakulia, na nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Mwalimu alijua?"

"Hapana."

"Aliumwa muda gani?"

"Miezi minne."

"Na ulikuwa unakuja?"

"Kila Jumapili."

Akatikisa kichwa taratibu, akitazama upande wa kaburi, udongo wake bado mbichi. "Basi amekwenda nayo," akasema. "Amekwenda akiniona mwongo." Nikaanza kusema nisamehe. Akaniinulia kiganja. "Mimi usiniombe kitu leo, dada. Kamwambie Mama. Sasa hivi, kabla sijaondoka."

Nikajifuta mikono, nikaingia. Mama Baha alikuwa kwenye godoro sakafuni, ameegemea ukuta, wanawake wawili wamekaa naye. Nikawaomba watupishe. Nikakaa pembeni yake pale pale nilipokuwa nimekaa siku zote tatu za msiba, nikimshika mkono, nikiitwa na wageni binti wa nyumba. Nikasema. Safari hii sikuweza hata kulitumia lile neno wivu, nilieleza tu nilichofanya. Alinisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza akatoa mkono wake kwenye wangu, bila ukali, akauweka mapajani.

"Alimtafuta," akasema. "Mwaka jana, kabla hajalala kabisa. Alisema, nilimpoteza yule mtoto kwa hasira ya siku moja, hata kama alidanganya. Akasema Paska atajua aliko." Akafumbua macho. "Yuko wapi?"

"Yupo nje."

"Mwite."

Nikamwita. Naserian akavua viatu mlangoni, akaingia, akapiga magoti, na Mama akamvuta kwa mabega yote mawili, akamkalisha kwenye ile nafasi niliyotoka, akaanza kulia kwa sauti ambayo hakuwa ameitoa hata kaburini. Naserian naye akalia hapo. Nilisimama nikiwatazama. Nilitegemea kuona aibu, au nafuu, maana nilikuwa nimeshausema ukweli. Kilichonijia ni wivu uleule, mbichi kabisa, kana kwamba nina miaka ishirini na minne na kikombe changu kimepewa mtu. Mama akainua uso kutoka begani kwa Naserian, akaniona nimesimama.

"Paskalina," akasema, "tufungie mlango."

Nikaufunga, nikiwa upande wa nje.